Mng'ao Hautoki Koponi: Hoja Dhidi ya Imani ya Mikono Mingi ya Vanishi

Miongoni mwa watu wanaokarabati fimbo za mchezo wa pool, na miongoni mwa wachezaji wanaowapelekea kazi hiyo, imeenea imani kwamba mng'ao mkali wa vanishi isiyo na rangi ni zawadi ya kopo. Kwa mujibu wa imani hiyo, aliyenunua vanishi bora na kuipaka mara nyingi ataupata mng'ao, na aliyeukosa ama alinunua vanishi hafifu ama alichoka mapema. Tiba ya kila kasoro inakuwa mkono mwingine, yaani mpako mwingine kamili juu ya ule uliokauka: uso ukiwa na ukungu huongezwa mkono, ukiwa na vishimo huongezwa mkono, ukiwa na mikwaruzo huongezwa mkono. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kinyume cha imani hiyo. Mng'ao ni sifa ya umbo la uso, si ya wingi wa kilichopakwa juu yake. Kazi ya vanishi ni kutoa utando angavu unaoweza kusawazishwa, na kinachouleta mng'ao ni usawazishaji wenyewe, ambao sehemu yake moja hufanyika kabla ya mkono wa kwanza na sehemu nyingine baada ya mkono wa mwisho.

Haki inadai ikubaliwe kwamba imani hiyo haikuzuka bure. Mkono wa kwanza juu ya mti mkavu hunywewa na nyuzi za mti, na uso hubaki umefifia. Mkono wa pili huanza kuonyesha uhai, na wa tatu hung'aa zaidi ya wa pili, kiasi kwamba mtazamaji aliyeziona hatua hizo tatu ana sababu ya kudhani kwamba wa kumi utang'aa mara nyingi zaidi. Zaidi ya hayo, vanishi inapokuwa bado mbichi hung'aa kuliko itakavyong'aa ikishakauka, kwa kuwa kimiminika hujilaza na kujisawazisha chenyewe, na fundi anayeona mng'ao huo ukififia usiku mmoja baadaye hushawishika kwamba ameurudisha kila anapolowesha uso upya. Kosa halimo katika kile anachokiona, kwani anachokiona ni cha kweli. Kosa limo katika sababu anayokipa.

Ili sababu ya kweli ipatikane, ni lazima kwanza kuuliza mng'ao ni nini. Mwanga unapofika kwenye uso wa kitu angavu, sehemu yake ndogo hurudishwa papo hapo na iliyobaki huingia ndani. Kiasi kinachorudishwa hutegemea fahirisi ya upindaji, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyoupunguzia mwanga kasi na kuupinda unapoingia ndani yake. Kwa shelaki, laka ya nitroselulosi, vanishi ya mafuta, poliurethani, epoksi na hata supa glu, fahirisi hiyo haipishani sana. Zote zinakaribia 1.5, sawa na kioo cha kawaida, na kwa fahirisi hiyo mwanga unaoanguka wima hurudishwa kwa takriban asilimia 4 tu. Fahirisi ikishuka hadi 1.45 au ikipanda hadi 1.55, kiasi hicho hucheza kati ya asilimia 3.4 na 4.7, tofauti ambayo jicho la mchezaji aliyesimama kando ya meza haliwezi kuitambua. Maana yake ni kwamba vanishi ya bei ya chini na ile ya bei ya juu, zikiwa zote angavu na zote zimekomaa, hurudisha karibu mwanga uleule. Unene nao hauongezi chochote hapa, kwa sababu urudishaji huo hutokea kwenye mpaka wa hewa na utando. Kilichopo chini ya mpaka huo, kiwe utando mwembamba au mnene, hakihusiki.

Kinachotofautisha uso unaong'aa na uliofifia ni mahali ambapo ile asilimia 4 inaelekea. Uso ukiwa tambarare, mwanga wote unaorudi huenda upande mmoja na jicho huona taswira kamili ya taa. Uso ukiwa na vilima na mabonde madogo, mwanga uleule hutawanyika pande zote na taswira huvunjika, kama maji ya bwawa yanavyorudisha sura ya mti yakiwa yametulia na kuipoteza pepo zikivuma, ilhali maji ni yaleyale na kina chake ni kilekile. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 2813, kinachoeleza namna ya kupima mng'ao wa rangi na vanishi, hupima mwanga unaorudi kwa pembe maalumu za nyuzi 20, 60 na 85, na hukichukua kioo cheusi kilichosuguliwa kikawa laini, chenye fahirisi 1.567, kuwa ndicho chenye thamani ya 100. Kipimo hicho hakiulizi utando una unene gani wala umepakwa mara ngapi. Kinauliza uso umelainika kiasi gani.

Ushahidi mwingine hutolewa na viwanda vya vanishi vyenyewe. Kiwanda kinapotaka kutengeneza vanishi isiyong'aa, kwa kawaida hakitafuti gamu ya aina nyingine, bali huchukua ileile inayong'aa na kuichanganya na unga laini wa silika, ambao vanishi ikikauka huacha vinundu vidogo juu ya uso na kuutawanya mwanga. Ikiwa mng'ao unaondolewa kwa kuufanya uso uwe na vinundu, basi mng'ao unaletwa kwa kuviondoa, na fundi anayefunika vinundu kwa mkono mwingine bila kuvisugua anapigana na umbo kwa kutumia wingi.

Afrika Mashariki inao ushahidi ulio karibu zaidi. Vinyago vya Wamakonde vinavyochongwa kwa mpingo hung'aa bila kupakwa vanishi ya aina yoyote. Mchongaji husugua kwa misasa inayozidi kuwa laini, kisha humalizia kwa nta au polishi na kitambaa. Kusini magharibi mwa Kenya, wachongaji wa mawe ya sabuni wa Kisii huyasugua mawe yao yakiwa yamelowa maji, hatua kwa hatua, hadi yawe laini, ndipo huyapaka nta. Ala ya muziki ya kupuliza inayoitwa klarineti, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa mpingo huohuo wa Tanzania na Msumbiji, hupata mng'ao wake kwa kusuguliwa na kutiwa mafuta, bila utando mnene. Mafundi hawa wote wanatenda kile ambacho imani ya mikono mingi inakikana: wanaupata mng'ao kwa kuondoa, si kwa kuongeza.

Watetezi wa imani hiyo wana hoja moja yenye uzito kuliko zote, nayo ni hoja ya kina. Husema kwamba hata kama mng'ao unatoka kwenye uso, uzuri wa fimbo iliyokamilika uko katika kule kuonekana kwa nyuzi za mti kana kwamba ziko mbali ndani ya kitu angavu, na kwamba kina hicho kinahitaji utando mnene. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Mti mkavu huonekana umepauka kwa sababu seli zake zimejaa hewa, na mwanga unapovuka mara kwa mara kutoka kuta za seli, ambazo fahirisi yake ni karibu 1.53, kwenda kwenye hewa, ambayo fahirisi yake ni karibu 1, hutawanyika katika kila mpaka. Vanishi inapoingia ndani ya seli za juu hukalia nafasi ya hewa, na kwa kuwa fahirisi yake inakaribiana na ya kuta hizo, mtawanyiko hupungua, mwanga hupenya zaidi, na rangi na mikondo ya mti hujitokeza. Jambo hilo hukamilika kwa mkono wa kwanza au wa pili. Anayetaka kulithibitisha anaweza kupangusa mti mtupu kwa kitambaa chenye spiriti: kwa muda mfupi kabla spiriti haijaruka, nyuzi huonekana kwa karibu kina chote zitakachowahi kuwa nacho, ingawa hakuna utando wowote juu yake. Kina ni kazi ya kulowesha, mng'ao ni kazi ya kusawazisha, na unene hauhitajiki katika lolote kati ya hayo mawili, isipokuwa kwa kiasi kinachotosha kusuguliwa bila msasa kufika kwenye mti.

Kuhusu vishimo, imani ya mikono mingi inashindwa na hesabu nyepesi. Miti ina vinyweleo, yaani mirija iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai, na mirija hiyo ikikatwa huacha vishimo na mifereji. Mti wa mepo wa Amerika Kaskazini, ambao hutumika sana katika fimbo za pool, una vinyweleo vidogo vilivyotawanyika. Mti wa ashi, unaopendwa katika fimbo za snuka za Uingereza, una mirija mikubwa iliyojipanga katika pete za kila mwaka. Laka ya nitroselulosi inayopulizwa huwa na sehemu ngumu ya takriban robo tu, na robo tatu ni kiyeyushi kitakachoruka hewani. Laka hiyo ikijaza kishimo chenye kina cha mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, ikajilaza tambarare kabisa, kiyeyushi kikiisha kuruka laka iliyo juu ya kishimo hushuka zaidi kwa sababu ilikuwa nyingi zaidi pale, na kishimo hurudi kikiwa na kina cha mikroni 75. Mkono wa pili hukiacha na mikroni 56, wa nne na mikroni 32, na hata wa nane hukiacha na mikroni 10, ambazo ni zaidi ya mara kumi ya urefu wa wimbi la mwanga unaoonekana, ulio kati ya mikroni 0.4 na 0.7. Vanishi yenye sehemu ngumu ya nusu hufika haraka zaidi, lakini nayo kwa mikono minne huacha mikroni 6. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mkono umejilaza bila dosari, jambo ambalo ni nadra kwenye kitu cha mviringo. Kwa upande mwingine, kijazio kisichopungua kinapokauka, kama epoksi iliyopakwa nyembamba na kusuguliwa hadi kwenye mti, huziba kishimo hichohicho kwa mara moja au mbili, kabla vanishi yenyewe haijafunguliwa.

Unene usio na faida ungekuwa upotevu wa fedha tu laiti usingekuwa na madhara. Lakini unayo, na chanzo chake ni kutotofautisha kukauka na kukomaa. Vanishi imekauka pale kidole kinapoweza kuigusa bila kunata. Imekomaa pale ambapo kiyeyushi chote kimetoka, au, kwa vanishi za mafuta, pale ambapo molekuli zimekwisha kuungana na oksijeni ya hewa na kushikana katika wavu mmoja mgumu. Kati ya hatua hizo mbili zinaweza kupita wiki kadhaa. Mkono unaopakwa juu ya mwingine usiokomaa hufungia kiyeyushi chini yake, utando huendelea kunywea polepole, na vinyweleo vilivyodhaniwa kuwa vimezibwa huibuka upya mwezi mmoja baadaye kwenye fimbo ambayo mteja alikwisha kuilipia. Utando mnene na mgumu hauwezi kufuata mti unapotanuka na kunywea kwa unyevu, hivyo hupasuka, hasa kwenye kiungo cha nusu mbili za fimbo na kwenye pete za mapambo ambako vitu viwili vyenye mwendo tofauti vinakutana, na hubanduka vipande fimbo inapogonga ukingo wa meza. Tena, katika vanishi za mafuta na poliurethani, ambamo mkono mpya hauyeyushi ule wa chini, matabaka hubaki yametengana, na msasa unapopenya tabaka la juu huacha mstari hafifu unaozunguka mpaka wa tabaka hilo. Kadiri matabaka yanavyokuwa mengi, ndivyo mistari hiyo inavyoweza kuwa mingi, kiasi kwamba mwenye kuongeza mikono ili kupata mng'ao hujiongezea vizuizi vya kuupata.

Ndugu wa imani ya wingi ni imani ya chapa, inayodai kwamba siri iko katika kupata kopo fulani linalotoka nchi fulani. Wahenga walikwisha kusema kwamba mchagua jembe si mkulima. Tofauti kati ya vanishi zipo na ni za kweli, lakini si tofauti za mng'ao. Shelaki, inayotokana na utomvu wa mdudu wa India na Thailand, hukauka haraka na kurekebishika kwa urahisi, ila huharibiwa na pombe inayomwagika. Laka ya nitroselulosi husugulika vizuri, ila hulainika kwa joto. Poliurethani hustahimili jasho na mikwaruzo, ila ni ngumu kurekebisha sehemu moja peke yake. Vanishi ya magari ya vikopo viwili, inayochanganywa na kigumishi, hukomaa haraka na kuwa ngumu sana, ila kigumishi chake kina isosiyanati, kemikali inayosababisha pumu kwa wanaoivuta, na kuipulizia katika kibanda kisicho na vifaa kamili vya kulinda pumzi ni kuhatarisha maisha ya fundi kwa ajili ya mng'ao ambao vanishi nyingine ingeutoa. Uchaguzi kati ya hizo uongozwe na namna fimbo itakavyotumika na usalama wa anayeipaka.

Hata pale vanishi inapokataa kukauka kabisa, mara nyingi lawama hailistahili kopo. Mpingo na jamaa zake wa jenasi ya Dalbergia, ambao hupendwa kwa vitako (nusu nene za nyuma) vya fimbo za thamani, wana kemikali za asili zinazozuia vanishi ya mafuta kuungana na oksijeni, na fundi anayepaka vanishi hiyo moja kwa moja juu ya miti hiyo anaweza kuukuta utando ungali unanata baada ya wiki. Kubadilisha chapa hakusaidii. Kinachosaidia ni kupangusa uso kwa asetoni au spiriti muda mfupi kabla ya kupaka, kisha kuufunga kwa mkono mwembamba wa shelaki iliyoondolewa nta, ambao hukauka kwa kurusha kiyeyushi tu na hivyo hausumbuliwi na kemikali hizo.

Ikiwa mng'ao ni kazi ya uso, mpangilio wa kazi hubadilika, na muda mwingi huhamia kwenye hatua ambazo imani ya wingi huziruka. Fimbo ya kawaida ya pool ina urefu wa karibu sentimita 147 na hugawanyika katika kitako, yaani nusu nene inayoshikwa na mkono wa nyuma, na ufito, yaani nusu nyembamba inayoteleza kati ya vidole vya mkono wa mbele. Hatua ya kwanza ni kuchunguza kama mapambo ya kitako yamepachikwa ndani ya mti au ni picha zilizobandikwa chini ya vanishi, kwa sababu fimbo nyingi za kiwandani ni za aina hiyo ya pili, na msasa utakaoondoa vanishi ya zamani utaondoa na picha. Dawa kali za kubandulia vanishi nazo ziogopwe, kwani huyeyusha pete za plastiki na kulegeza gundi ya mapambo. Mti ukishakuwa mtupu husuguliwa hadi msasa wa P400, hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu ili nyuzi zilizolala zisimame, na husuguliwa tena kidogo ukishakauka. Kisha vinyweleo huzibwa. Hatua hizi zikikamilika, mikono michache myembamba hutosha, huku uso ukisuguliwa kidogo katikati ili vilima vishuke badala ya mabonde kupandishwa.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo wengi huiona kama ziada ilhali ndiyo kiini: kusubiri, kusawazisha na kung'arisha. Ukomavu hupimwa kwa vitu vilivyo karibu. Utando ukinuswa kwa karibu na kutoa harufu ya kiyeyushi, bado. Vumbi la msasa likigeuka uji na kuziba msasa, bado. Likiwa unga mkavu mweupe, utando uko tayari. Usawazishaji huanza kwa msasa wa majini wa P800 au karibu na hapo, ukiwa na maji na tone la sabuni, na huendelea hadi P2000, huku kila hatua ikifanywa kwa mwelekeo tofauti na iliyotangulia ili mikwaruzo ya zamani ionekane na iondolewe yote. Jambo hilo ni muhimu zaidi kwa fimbo inayozungushwa kwenye mashine ya kukereza, kwa kuwa mashine huacha mikwaruzo ya kuzunguka ambayo macho huinasa mara moja, na mipito ya mwisho yafaa iwe ya urefu wa fimbo ikiwa imesimama. Punje za msasa wa P800 zina wastani wa mikroni 22, za P1500 karibu mikroni 13 na za P2000 karibu mikroni 10. Kwa hiyo hata baada ya msasa laini kuliko yote ya kawaida uso huwa na ukungu, na fundi asiyejua sababu hukata tamaa na kupaka mkono mwingine, akifuta kazi yote aliyoifanya. Kinachohitajika hapo ni krimu ya kung'arishia, ileile inayotumika kwenye gereji za rangi ya magari, ambayo punje zake ni ndogo zaidi na huendelea kuvunjika zinaposuguliwa, mpaka mikwaruzo inayobaki inakuwa midogo kiasi cha kutoweza kuutawanya mwanga. Kasi iwe ndogo, kwa kuwa joto la msuguano hulainisha laka na kuichafua upya.

Kwa mwambao wa Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kuiacha imani ya mikono mingi. Kiyeyushi kinaporuka kwa kasi hupoza uso, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa wakati wa masika, mvuke hugeuka matone juu ya laka au shelaki na kuacha weupe ndani ya utando. Mkono mwingine unaopakwa saa hiyohiyo na katika hewa hiyohiyo huongeza weupe huo. Tiba ni kungoja saa kavu za mchana au kutumia thina inayoruka polepole ili unyevu upate nafasi ya kutoka. Unyevu huohuo huufanya mti wenyewe utanuke na kunywea, na kwa kuwa hakuna vanishi inayozuia jambo hilo kabisa, utando mwembamba unaoweza kufuata mwendo wa mti hudumu kuliko ule mnene unaopambana nao.

Imani hiyo hupotoka zaidi inapovuka kiungo na kuufikia ufito. Wapo wanaodai kwamba fimbo iliyokamilika ni ile inayong'aa kutoka mpira ulio mwisho wa kitako hadi kwenye ncha, na hivyo huupaka ufito wingi uleule wa vanishi. Lakini ufito ni chombo cha kuteleza, na ngozi ya binadamu, hasa ikiwa na jasho, hung'ang'ania uso laini kupita kiasi kwa sababu eneo la ngozi linalogusana nao huwa kubwa zaidi. Mchezaji mwenye ufito unaong'aa hujikuta akinata katikati ya pigo, akipaka poda au kuvaa glavu kutibu ugonjwa alioulipia. Unene wa vanishi hubadilisha pia kipenyo cha sehemu ambayo vidole vimezoea, katika kifaa ambacho ncha yake kwa kawaida ni milimita 12 hadi 13 tu. Ufito unastahili kufungwa kwa mkono mmoja mwembamba unaosuguliwa hadi karibu uishe, kisha kusuguliwa kwa ngozi na nta kidogo, na katika fimbo za ashi mafuta ya kitani yametosha kwa vizazi vya wachezaji wa snuka. Vitambaa vilivyotumiwa kwa mafuta hayo vitandazwe vikauke au vilowekwe majini, kwa kuwa vikikunjwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe.

Yapo mapingamizi mawili yanayobaki. La kwanza ni kwamba fimbo za viwandani zina utando mnene na zinang'aa bila shida. Hilo ni kweli, lakini mng'ao huo haukuletwa na unene: viwanda vingi hutumia vanishi inayokomaa kwa miale ya urujuanimno kwa muda mfupi sana, na baada ya hapo husawazisha na kung'arisha kwa mashine. Kiwanda hakikuziruka hatua za kusubiri na kusugua. Kimezifupisha kwa vifaa ambavyo fundi wa mtaani hana, na fundi anayeiga unene bila kuiga hatua hizo anaiga lisilo na kazi. Pingamizi la pili ni la uchumi, kwamba mteja anataka fimbo yake kesho kutwa na hatalipia wiki tatu za kungoja. Pingamizi hili ni zito, kwani fundi ana watoto wa kulisha. Hata hivyo, wiki za kungoja si wiki za kazi. Fimbo hutundikwa ukutani huku nyingine zikiendelea kutengenezwa, na gharama ya vanishi ya mikono kumi ikiondolewa, hulipa sehemu ya saa za msasa. Linalogharimu zaidi ni kurudiwa na mteja mwenye fimbo iliyopasuka au iliyoota vishimo upya, kwa sababu kazi hiyo hufanywa mara ya pili bila malipo na kwa jina lililokwisha kuchafuka.

Athari mbaya kuliko zote za imani ya kopo ni kwamba inamdharau fundi. Ikiwa mng'ao unanunuliwa dukani, basi fundi ni mtu wa kushika brashi tu, ujira wake ni wa kupaka, na ujuzi wa kusoma vumbi la msasa, kunusa utando na kujua wakati wa kuacha hauna bei. Ikieleweka kwamba mng'ao unatengenezwa kwa mkono na kwa muda, ujuzi huo hupata thamani yake, na vijana wanaojifunza kazi hufundishwa kwanza kusugua, ndipo kupaka. Kwa hiyo mchezaji anayetaka fimbo yake ing'ae asimuulize fundi atapaka mikono mingapi wala vanishi ya kampuni gani. Amuulize vinyweleo vitazibwa kwa kitu gani, utando utaachwa ukomae kwa muda gani kabla ya kusuguliwa, na kazi itamaliziwa kwa msasa upi na krimu ipi. Fundi mwenye majibu ya maswali hayo alipwe kwa saa zake na apewe muda anaouomba, kwa kuwa huo muda na hizo saa ndivyo vitakavyoonekana juu ya fimbo itakaporudi mezani.